Nyangumi wa barafuni na samaki wa Makupa: nani anahesabu sumu yetu?

Juzi jioni tulikuwa maskani hapa Shimanzi, nyuma ya magodauni, tunakula viazi karai na ukwaju. Jamaa mmoja akachukua kipande, akakimulika na tochi ya simu, akauliza: "Mama, haya mafuta si ya transfoma kweli?" Tulicheka sote, hata mama mwenyewe anayeuza.

Utani huu si mpya. Miaka kumi na kitu iliyopita vyombo vya habari hapa Kenya viliripoti sana kwamba wezi wanafyonza mafuta ya transfoma za stima na kuwauzia wakaangaji. Sababu? Yanafanana na mafuta ya kupikia na hayaishi haraka kwenye karai. Tangu hapo, kila chipsi ikiwa na rangi ya ajabu, transfoma inatajwa.

Nilifika nyumbani bado nacheka, nikamkuta dadangu anamnyonyesha mtoto wake wa miezi minne. Mezani kuna chaa wawili wa kupaka. Mumewe, shemeji yangu, huwa anavua usiku upande wa Makupa, na asiyeuzwa huliwa nyumbani. Dada akaniangalia akasema: "Wewe si ulisoma kemia? Hebu niambie ukweli. Hawa samaki wa Makupa nile au nisile? Maana kila ninachokula kinaenda kwa huyu."

Nilisoma kemia kwa mwaka mmoja na nusu tu, kwenye chuo kimoja hapa Pwani, kabla karo haijanishinda. Kwa hivyo sikumjibu papo hapo. Nilimwambia anipe siku chache. Kilichonishangaza ni kwamba jibu nililikuta mbali sana na Makupa. Nililikuta kwenye mafuta ya nyangumi wa Aktiki, kule juu kabisa ya dunia ambako hakuna bandari kama yetu, hakuna jaa la taka, wala karai la viazi.

Wacha nieleze.

Kitu kinaitwa PCB

Kwanza tuweke sawa hili la transfoma. Mafuta yaliyo ndani ya transfoma nyingi ni mafuta ya madini, na hayo pekee yanatosha kukuharibia tumbo na ini. Hayakutengenezwa kwa ajili ya mtu kula. Lakini transfoma za zamani zinaweza kuwa na kitu kibaya zaidi, yaani PCB.

PCB ni familia ya kemikali zilizoanza kutengenezwa kibiashara Marekani mwaka 1929. Wenye viwanda walizipenda kwa sababu haziwaki ovyo, hazipitishi umeme, na haziozi. Zikawekwa kwenye transfoma, kwenye rangi, kwenye vifaa vya kuzibia nyufa za majengo. Dunia kwa jumla ilitengeneza zaidi ya tani milioni 1. Marekani ilizipiga marufuku mwaka 1979, baada ya kuonekana zinaharibu ini, zinavuruga homoni na kinga ya mwili, na zinahusishwa na saratani.

Sasa sikia balaa lenyewe. Ile sifa ya kutooza, iliyozifanya zipendwe, ndiyo iliyozifanya ziwe janga. Kitu kisichooza kwenye transfoma hakiozi pia kwenye udongo, kwenye maji, wala kwenye mwili wako. DDT, ile dawa ya mbu na wadudu wa shambani, ni wa ukoo huohuo wa sumu sugu. Kenya iliizuia DDT kwenye kilimo tangu mwaka 1986. Lakini ukizuia bomba leo, maji yaliyokwisha kumwagika bado yako sakafuni.

Inasafiri, inapanda, inarithiwa

Sumu hizi zina tabia tatu ambazo kila mtu anayekula samaki anafaa kuzijua.

Tabia ya kwanza, zinasafiri. Kwenye joto kama letu zinageuka mvuke kidogo kidogo, zinapanda hewani, zinasukumwa na upepo. Zikifika penye baridi zinatua. Jua likirudi zinaruka tena, zinatua mbele zaidi. Kwa mtindo huo wa panzi, miaka na miaka, nyingi huishia Aktiki, na kule baridi haiziachii.

Katika miaka ya 1980 mtafiti wa Kanada, Eric Dewailly, alikuwa anapima maziwa ya kina mama wa kusini mwa Quebec. Akataka kulinganisha na watu wanaoishi mahali safi kabisa, akawachagua kina mama wa Kiinuit wa kaskazini, ambako hakuna kiwanda. Majibu ya maabara yalipotoka, maziwa ya wale wa mahali safi yalikuwa na PCB takriban mara tano kuliko ya wale wa kusini. Hawa ni watu ambao hawakuwahi kutengeneza hata tone moja la PCB. Walichofanya ni kula chakula cha mababu zao: sili, samaki na nyangumi.

Tabia ya pili, zinapanda. Sumu hizi haziyeyuki kwenye maji, zinakaa kwenye mafuta ya mnyama. Kiumbe mdogo wa majini anabeba chembe kidogo. Samaki mdogo anakula maelfu ya viumbe hao, anabaki na sumu yao yote. Samaki mkubwa anakula wadogo mamia. Sili anakula wakubwa. Kila ngazi sumu inajumlishwa. Aliye juu kabisa ndiye anayelipa deni la wote. Januari 2016, nyangumi muuaji jike aliyejulikana kama Lulu alikutwa amekufa ufukweni kisiwa cha Tiree, Scotland. Mafuta yake yalipopimwa yalikuwa na miligramu 957 za PCB kwa kila kilo. Kiwango ambacho wanasayansi wanasema madhara huanza kuonekana kwa wanyama hao ni kama miligramu 9. Lulu alikuwa mtu mzima na ovari zake zilionyesha hakuwahi kuzaa.

Tabia ya tatu, na hii ndiyo iliyonifanya nimkumbuke dada, zinarithiwa. Nyangumi jike anaponyonyesha hutumia mafuta ya mwili wake kutengeneza maziwa, na sumu inatoka pamoja na mafuta hayo. Mtoto wa kwanza ndiye anayepata mzigo mkubwa. Kuna watafiti wa Chuo Kikuu cha Baylor, Marekani, waliochukua nta ya sikio ya nyangumi wa bluu dume aliyekufa California mwaka 2007. Ndiyo, nta ya sikio, hujasoma vibaya. Nyangumi hana kidole cha kuitoa, kwa hivyo inajipanga tabaka juu ya tabaka maisha yake yote, kama pete za mti. Walipoisoma tabaka kwa tabaka wakakuta kwamba karibu asilimia 20 ya sumu sugu za maisha yake aliipata miezi 6 ya kwanza, akiwa bado ananyonya.

Habari njema iliyotoka barafuni

Mpaka hapo unaweza kudhani hii ni makala ya kukata tamaa. Hapana, maana kuna sehemu ya hadithi hii ambayo ni ya ushindi, na hatuisikii vya kutosha.

Kanada imekuwa ikikusanya vipande vya mafuta ya nyangumi weupe, wale wanaoitwa beluga, tangu mapema miaka ya 1980, kwa kushirikiana na wawindaji wa Kiinuit wenyewe. Mwindaji anavua kwa chakula chake, anakata kipande kidogo, kinagandishwa, kinahifadhiwa. Tangu mwaka 1991 kuna programu ya pamoja ya nchi za Aktiki, inayojulikana kwa kifupi AMAP, ambayo inakusanya vipimo kama hivyo na kuvisoma kwa mfululizo. Kwa hivyo leo mtu anaweza kuchora mstari wa miaka mingi na kuona sumu inapanda au inashuka.

Mstari unasema hivi: baada ya marufuku, PCB na DDT zimeshuka kwenye wanyama wengi wa Aktiki. Zinashuka polepole, tena mahali pengine mwendo umepungua sana miaka ya karibuni, lakini zinashuka. Sheria zilizopigiwa kura na watu waliovaa tai mwishowe zilionekana kwenye mwili wa mnyama asiyejua kusoma.

Mstari huo huo uliwakamata wengine wapya. Wakati PCB zinashuka, kemikali za kuzuia moto zinazowekwa kwenye sofa, televisheni na kompyuta zilikuwa zinapanda. Halafu kukaja kundi la PFAS, kemikali za kufanya vitu visishike maji wala mafuta: sufuria zisizoganda, nguo za mvua, karatasi za kufungia chakula, na povu la kuzimia moto wa mafuta. Mmoja wa kundi hilo, PFOS, alipanda kwenye dubu wa Greenland Mashariki hadi katikati ya miaka ya 2000, kisha akaanza kushuka, miaka michache baada ya mtengenezaji mkubwa zaidi, kampuni ya 3M, kutangaza mwaka 2000 kwamba anaacha. Mwaka 2009 PFOS ikaingizwa kwenye orodha ya Mkataba wa Stockholm.

Mkataba huo ulitiwa saini mwaka 2001 na ukaanza kazi mwaka 2004. Ulianza na sumu 12, leo zimepita 30. Mwezi Mei 2025 iliongezwa pia klopirifosi, dawa ya wadudu ambayo wakulima wa Kenya wanaijua vizuri. Kenya iliridhia mkataba tangu mwaka 2004. Na moja ya sababu kubwa iliyosukuma dunia kuuandika ni ile aibu ya maziwa ya kina mama wa Kiinuit.

Kwa hivyo mafunzo ya nyangumi ni mawili. Kwanza, marufuku inafanya kazi. Pili, huwezi kujua kama inafanya kazi mpaka mtu apime, arudi apime tena, na aendelee kurudi.

Na huku kwetu Pwani?

Hapa ndipo nilipoanza kukuna kichwa.

Bahari yetu nayo ina wanyama wa kutupa ushahidi. Kila mwaka, kuanzia kama Julai, nyangumi wenye nundu hupita hapa Pwani wakitoka Antaktika, na Watamu watu hulipa kwenda kuwatazama. Zanzibar kuna pomboo, maarufu wale wa Kizimkazi. Na kweli, pomboo wa Zanzibar waliwahi kupimwa. Watafiti walichukua mafuta ya pomboo walionaswa kwa bahati mbaya kwenye nyavu za wavuvi, na majibu yakachapishwa mwaka 2010.

Majibu yenyewe yanavutia. PCB za viwandani zilikuwa chembe tu. Kemikali zilizoongoza kwa wingi zilikuwa zile zinazotengenezwa na viumbe wa baharini wenyewe, yaani za asili. Lakini kati ya sumu za binadamu, familia ya DDT ndiyo iliyokuwa mbele. Hilo linaeleweka. Ukanda wetu ulipambana na mbu na wadudu wa pamba kwa DDT miaka mingi. Tanzania kuna kisa cha Vikuge, Kibaha: mwaka 1986 shehena ya dawa za wadudu, nyingine zikiwa zimeshapitwa na wakati, ililetwa kutoka Ugiriki kama msaada, ikawekwa kwenye kibanda, kibanda kikaanguka, dawa zikaingia ardhini. Watafiti walipokwenda kupima miaka mingi baadaye, udongo ulikuwa bado umejaa DDT.

Sasa ukiniuliza, pomboo hao wanatuambia bahari yetu si chafu kama ya Ulaya, na tunashukuru. Lakini kipimo kimoja ni picha, si sinema. Picha haikuambii kama mgonjwa anapona au anazidiwa. Beluga wana sinema ya miaka zaidi ya 40. Tunayo bahari, tunao wanyama, tunao wavuvi wanaoweza kuleta sampuli kila wiki. Kinachotupita Kanada ni ile tabia ya kurudi.

Tope la Makupa lina kumbukumbu

Turudi nyumbani. Kama hujafika Shimanzi, hebu nikupe ramani. Sisi tuko upande wa magharibi wa kisiwa, katikati ya matangi ya mafuta, magodauni ya majani chai, reli na bandari. Ukitoka nje ya kisiwa kwa barabara kuu unapita Makupa, na mara tu unafika Kibarani.

Kibarani, kwa miaka mingi, ndiko taka za mji mzima zilikokwenda. Kila mtu wa rika langu anakumbuka ule moshi na ile harufu matatu ikipita, watu wanafunga vioo. Jaa lilikuwa ukingoni mwa maji kabisa. Lilifungwa mwaka 2018, taka zikapelekwa Mwakirunge, pakapandwa miti. Leo ukipita unaona kijani, na sipingi, panapendeza.

Hata maji yenyewe yalikuwa yamefungwa. Tuta la Makupa lilijengwa mwaka 1929, mwaka uleule PCB zilipoanza kuuzwa, na kwa zaidi ya miaka 90 lilizuia maji ya upande wa Tudor na ya upande wa Kilindini yasipitane. Daraja jipya lililofunguliwa mwaka 2022 ndilo lililoruhusu bahari kupumua tena.

Kwa hivyo fikiria: hori lililozibwa upande mmoja, jaa la taka ukingoni, bandari upande wa pili. Mwaka 1988 takriban tani 5,000 za mafuta zilimwagika eneo la bandari na kuua mikoko. Watafiti waliopima tope la Makupa mwanzoni mwa miaka ya 2000 walikuta shaba, zinki na kadmiamu zimerundikana.

Na jaa linaloungua lina hatari yake ya ziada. Ukichoma plastiki na nyaya za umeme ili kupata shaba ya kuuza skrepa, moshi unatoa dioksini, jamaa wa karibu wa PCB na moja ya zile sumu 12 za kwanza za Stockholm. Mwaka 2005 mayai ya kuku wa kienyeji waliokuwa wakijitafutia karibu na jaa la Dandora, Nairobi, yalipimwa na kukutwa na dioksini iliyovuka kwa mbali kikomo cha Umoja wa Ulaya. Kuku anadonoa jivu, yai linabeba. Ni ngazi ileile ya nyangumi, ila fupi.

Kupanda miti juu ya jaa ni jambo jema, lakini mti hauondoi kilichokwisha kuzama kwenye tope. Tope halisahau. Ndiyo maana swali langu kuhusu Kibarani ni hili: tangu 2018 na tangu daraja lifunguliwe, mstari unapanda au unashuka? Hii ni fursa ya dhahabu kwa mwanasayansi yeyote. Una tarehe ya kufungwa jaa, una tarehe ya kufunguliwa maji. Ni kama wale beluga kabla na baada ya marufuku.

Na kuna swali jingine la mtaani kwangu. Kote duniani, maghala ya mafuta na viwanja vya ndege viliweka povu la kuzimia moto lenye PFAS. Mimi naamka kila siku naangalia matangi. Ningependa kujua povu letu ni la aina gani, na likijaribiwa maji yake yanaelekea wapi. Simlaumu mtu, nauliza kama jirani.

Aliyepimwa ndiye aliyesikizwa

Kuna watu watasema haya ni maswali ya wazungu wenye muda mwingi. Sisi tunatafuta unga.

Basi tuangalie Owino Uhuru, kule Mikindani, mwendo wa matatu moja kutoka hapa. Kati ya mwaka 2007 na 2014 kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ukutani mwa mtaa wenye watu kama 3,000. Risasi, yaani ile madini ya ledi, iliingia kwenye hewa, maji, udongo na damu ya watoto. Phyllis Omido, aliyekuwa ameajiriwa pale na ambaye mtoto wake mchanga aliugua, ndiye aliyesimama, akakamatwa, akaendelea, na mwaka 2015 akapewa tuzo ya Goldman.

Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaitengua tuzo hiyo. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Miaka kumi na zaidi ya kupanda na kushuka ngazi za mahakama, na wengine walikufa wakisubiri.

Nini kiliibeba kesi ile? Machozi yalikuwepo tangu mwanzo na hayakutosha. Kilichoibeba ni vipimo: damu ya watoto, udongo wa nyumba, namba kwenye karatasi. Mtoto wa kwanza alipimwa kwa sababu mama mmoja alikataa kuambiwa ni malaria. Ukiwa huna namba, utaambiwa unalalamika. Ukiwa na namba, unadai.

Ndiyo maana nasema kupima ni siasa. Maskini asiyepimwa hahesabiwi kama ameathirika.

Tarehe mbili za kuweka kwenye simu

Kwenye suala la PCB, Mkataba wa Stockholm una tarehe mbili. Mwisho wa kutumia vifaa vyenye PCB, kama transfoma za zamani, ni 2025. Mwisho wa kushughulikia taka zake zote kwa njia salama ni 2028. Ya kwanza imeshafika. Ya pili iko karibu kuliko uchaguzi wa baada ya huu ujao.

Kijana wa Mombasa anaweza kufanya nini? Mimi si mtu wa kuandika "tuhamasishane" halafu nikaenda kulala. Ninayo machache ambayo yanawezekana.

La kwanza, Katiba yetu, Kifungu cha 42, inakupa haki ya mazingira safi. Kifungu cha 35 kinakupa haki ya kupata taarifa, na tangu 2016 kuna sheria kamili ya kupata taarifa. Maana yake unaweza kuandika barua kwa NEMA, kwa kaunti, au kwa taasisi yoyote ya umma: transfoma ngapi zimepimwa PCB? Tope la Makupa lilipimwa lini mara ya mwisho, na majibu yako wapi? Huhitaji wakili wala shahada. Unahitaji karatasi na ujasiri wa kurudi wiki ijayo kuulizia.

La pili, KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari, iko hapahapa Mombasa, Mkomani. Wavuvi wa Makupa, Tudor na Kilindini wana vyama vyao vya ufukweni. Kule Kanada mwindaji na mtafiti walikubaliana: wewe leta kipande, mimi nihifadhi, majibu nikuletee. Mpango wa samaki watatu kwa mwezi kutoka kila bandari ndogo, wakagandishwa hata kama pesa za kupima hazijapatikana, ungekuwa zawadi kwa mtoto wa dadangu akifika umri wangu. Friza ni rahisi kuliko kesi ya bilioni 1.3.

La tatu ni letu sisi vijana wenyewe. Tuache kuchoma nyaya. Najua shaba ina hela na mfukoni hamna kitu, nimewahi kusimama kwenye moto ule nikiwa shule. Waya unaweza kuchunwa kwa kisu. Ni kazi zaidi, lakini dioksini haikai mapafuni mwako.

Basi dada ale nini?

Nilirudi kwa dada na nilichonacho, na nikamwambia kwa mpangilio huu.

Kwanza, usiache kunyonyesha. Shirika la Afya Duniani limeliangalia suala hili miaka mingi na msimamo wake ni kwamba faida za maziwa ya mama zinazidi hatari ya sumu hizi. Hata kule kwa Wainuit, kina mama hawakuambiwa waache.

Pili, usiache samaki. Kula walio chini kwenye ngazi: dagaa, simsim, tafi. Punguza walio juu: papa, nguru mkubwa, jodari mkubwa, hasa wakati huu wa kunyonyesha. Hao ndio wanaojumlisha zebaki na sumu za wengine. Najua papa na wali wa nazi ni kitu kingine, lakini ndiyo hivyo.

Tatu, wa Makupa wasiwe chakula cha kila siku. Kaa na kome wanaokaa kwenye tope wapumzishe kabisa, na maini ya samaki usiyaguse, maana sumu hupenda kujificha huko. Shemeji akipata nafasi avue nje, kwenye maji yanayokimbia.

Dada alinisikiliza mpaka mwisho, mtoto amelala begani. Shemeji alikuwa mlangoni anafunga wavu wake. Ndiye aliyejibu.

"Kwenda nje kunataka mashine na petroli, shemeji. Makupa naenda kwa kasia."

Sikuwa na la kumjibu. Kwa Wainuit ilikuwa hivyohivyo: chakula mbadala kule dukani kilikuwa ghali, na sili alikuwa bure. Aliye juu ya ngazi ya sumu mara nyingi ndiye aliye chini ya ngazi ya pesa. Ushauri wa kula hiki na uache kile ni wa mwenye nafasi ya kuchagua. Asiye nayo anategemea mtu mwingine aisafishe bahari, na anategemea mtu mwingine apime ili ijulikane kama imesafika.

Kesho yake asubuhi niliandika barua ya kwanza, ukurasa mmoja, kuuliza kuhusu tope la Makupa. Shemeji akaniuliza kama wataijibu. Nikamwambia wasipojibu nitaandika ya pili. Akaniachia samaki watatu, chaa mmoja na mkizi wawili, wamefungwa kwenye karatasi ya nailoni, tarehe imeandikwa juu kwa kalamu ya wino mzito.

"Weka kwenye friza," akasema. "Siku wakitaka kupima, tuwe nao."